Mama Buko Amekalia Mugongo

Haya nimeyapata kwa Godelieve mwenyewe, yule anayeuza chumvi na samaki wakavu pale njia ya kuingia soko. Alinisimulia Jumapili iliyopita, baada ya misa ya kwanza, tukiwa kwangu tunachambua maharagwe. Alianza kwa kucheka. Alipofika katikati aliacha kucheka, na maharagwe akayaacha pia.

Wiki iliyopita tuliachana sururu ikiwa hewani.

Kwa aliyekosa gazeti: Stany, mchimbaji aliyetoka mashimo ya mgodi wa Mashamba na watu wake watano, alikuwa amesimama ndani ya mufereji wa zamani wa Kansenga. Mikono yote miwili ilikuwa nyuma ya kichwa, anataka kutoboa Mugongo, ukuta wa udongo wa kijiji. Hakuwa ametazama juu. Na juu yake, kwenye kiti kidogo cha miguu mitatu, mwavuli mkononi, alikuwa amekaa Mama Domitille. Mama mzazi wa mke wake.

Sururu ilishuka. Lakini haikugusa Mugongo.

Kitu cha kwanza Stany alichoona ni ndala ya bluu inaning'inia hewani. Akaijua. Ni yeye aliyeinunua Noeli iliyopita, akamtuma mke wake Abigaëlle aipeleke. Sururu ikapotea njia, ikazama kwenye matope, kidole kimoja tu kutoka mguu wake mwenyewe. Akavuta shati juu ya uso, akageuka, akaingia nyasini kama mtu anayefukuzwa na nyuki.

Watu wake walibaki wanatazamana.

"Patron ameona nyoka?" akauliza Dodo, kijana aliyetoka mbali, upande wa Bukavu, ambaye alikuwa na miezi mitatu tu huku kwetu.

"Ameona buko," mwenzake akamjibu.

Sisi tuliotoka kaskazini, Bukama na Manono, mwanaume hasimami mbele ya mama wa mke wake. Huyo ni buko yake. Hamwangalii usoni, hali naye, hapiti mbele yake. Akimwona njiani anaingia porini mpaka apite. Maneno yao yanapita kwa mdomo wa mtu wa tatu. Inakuwa hivyo mpaka siku mwanaume analeta mbuzi wa kutoa haya. Wanamla pamoja, na kuanzia hapo anamwamkia kama mama yake. Stany alikuwa na miaka tisa na Abigaëlle, na watoto watatu. Mbuzi alikuwa bado.

Mama Domitille alijua hilo vizuri. Ndiyo maana alichukua kiti.

Sasa Mugongo. Ni boma la udongo, kazi ya watu wa zamani sana. Ni kilima chembamba kinachozunguka kijiji cha Kansenga chote kama gamba la kobe, kimo cha mtu na nusu, na nje yake mufereji. Ndani leo kuna nyumba ishirini na mbili na mihogo ya Mama Domitille. Katika mwezi wa tatu mvua zetu zinashuka kila siku baada ya mchana, na maji yanatelemka mlimani kama magari yasiyo na breki. Yakifika kwenye mufereji yanageuka, yanazunguka, yanaenda kinamasini. Nyumba zinabaki kavu. Kansenga ya chini, ambayo haina Mugongo, mwaka jana mvua moja ilichukua majiko saba na nyumba tatu.

Toboa Mugongo, na maji yanaingia vitandani. Mama Domitille hakuwa na jambo lingine kichwani isipokuwa hilo.

Stany naye alikuwa na lake. Mvua zikikaribia kuisha, juu ya Mugongo kunaota ua dogo la zambarau. Mchimbaji yeyote wa Kolwezi analijua. Linapenda udongo wenye shaba, na palipo ua hilo watu wanaweka sururu bila kuuliza. Stany alipopita Kansenga kumsindikiza mke wake, aliona boma zima limevaa zambarau kama padri wa Kwaresima. Siku mbili hakupata usingizi.

Mtasema, si aende ofisini, huyo mama? Alienda mara tatu. Ofisi ya kwanza ilimtuma kwa ya pili. Ya pili ilimwambia mahali pa zamani panalindwa, mradi pana karatasi. Ya tatu ilimwomba karatasi inayoonyesha kwamba ni pa zamani. Aliwauliza ni nani alikuwa anaandika karatasi siku ile boma linajengwa. Wakamwambia arudi Alhamisi.

Kulikuwa pia na bwana mmoja wa Lubumbashi, aliyekuja na kamba ndefu, akapima, akasema ni zaidi ya miaka mia tano, akala bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo, akaahidi kurudi mwezi unaofuata. Ni mwaka wa nne sasa. Na chef, mkuu wa kijiji, asubuhi alimwekea Stany sahihi ya kuchimba, jioni akamwambia Mama Domitille alale kwa amani.

Basi kiti.

Siku hiyo ya kwanza, Stany akiwa bado nyasini, Mama Domitille alimwita Godelieve, jirani yake, awe mdomo wao. Alimwambia maneno mengi, ya moto, mkono mmoja ukionyesha Mugongo na mwingine ukionyesha nyasi. Godelieve alisikiliza, akashuka, akasimama mbele ya nyasi.

"Mama anasema hii Mugongo ni ya bakubwa ba zamani. Anaomba uiache."

Nyasi zikakohoa. Halafu zikajibu.

"Umuambie mama namuheshimu sana. Umuambie tena, ile maua haidanganyaka."

Msomaji, mengi yaliingia sikio la Godelieve na machache yakatoka mdomoni. Lishike hilo.

Stany hakutaka kugombana. Aliwachukua watu wake, wakazunguka mpaka upande wa mashariki. Walipofika, kiti kilikuwa kimeshafika. Kutoka ndani ya boma njia ni fupi, na kwa mtu anayekata katikati ya kobe ni rahisi kumtangulia anayezunguka gamba. Wakarudi magharibi. Huko walimkuta Henriette, mdogo wake Domitille, amekaa juu na sahani ya sombe, anachambua majani bila haraka. Na kwetu mdogo wa mama ni mama. Henriette naye alikuwa buko.

Shati likarudi usoni.

Wakashinda hivyo siku mbili. Stany akienda kusini, ndala ya bluu. Akienda kaskazini, majani ya sombe yanaanguka juu yake. Jioni ya pili unga wa watu wake ulikuwa umekwisha, na adabu yao pia.

"Patron, kwenu bamama buko ni ngapi?" Dodo akauliza.

"Nasikia ya tatu iko njiani toka Bukama," mwingine akasema. "Anakuya na kiti yake."

Stany hakucheka. Alikaa na sururu kati ya magoti. Walinzi walikuwa wamewatoa Mashamba, na hapa mbele yake kulikuwa na kilima kizima cha zambarau, hakina mlinzi, hakina bunduki, kina wanawake wawili na viti viwili. Akasema heri bunduki. Bunduki unaweza kuikimbia usiku na kurudi asubuhi.

Siku ya tatu, saa tatu ya asubuhi, alikuja na mbuzi.

Kijiji chote kilitoka. Mbuzi mweupe, ana doa jeusi kwenye jicho, kamba mpya shingoni. Stany alimfunga kwenye kichaka, akarudi nyuma ya kichaka, akaita mdomo wake. Godelieve akapanda juu ya Mugongo, akatangaza kwamba mkwe amekuja kutoa haya.

Watu wakapiga vigelegele. Mama Domitille hakupiga. Aliona mtego wote kwa jicho moja. Akimpokea mbuzi, shati linatoka usoni mwa Stany, na kesho atapita mbele yake na sururu begani, atasema jambo mama, ataendelea na kazi. Akimkataa, aibu ni ya Abigaëlle. Mashoga zake watasema mama yako alimkataa mume wako na mbuzi mkononi.

Basi akauliza kama mbuzi ni dume au jike. Dume. Akauliza miaka yake. Akaomba aone meno. Godelieve akashuka, akafungua mdomo wa mbuzi, akapanda na habari ya meno. Mama Domitille akafikiri. Akasema meno si mabaya, lakini haya haitoki bila shangazi mkubwa kuwepo, na shangazi yuko Bukama, na treni ya Bukama wote tunaijua.

Hapo kichaka kikatikisika.

"Umuulize mama," Stany akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia. "Miaka tisa anauliza mbuzi iko wapi. Leo mbuzi iko hapa, anauliza meno. Anataka nini?"

Mama Domitille hakungoja Godelieve apande. Alimjibu kutoka pale pale, akiutazama mwavuli wake, kama vile ni mwavuli uliouliza.

"Nataka mvua ya leo ipite inje."

Watu wakanyamaza. Na katika kimya hicho wakasikia, upande wa magharibi, ko, ko, ko.

Wakamtazama Henriette. Alikuwa hapo hapo katikati yao, sahani ya sombe mkononi. Alikuja kuona mbuzi.

Wakakimbia. Walipofika, Dodo alikuwa ametoboa Mugongo mpaka ng'ambo. Tundu la kupitisha toroli, limekatwa wima kama mlango, na mbele ya mlango huo, hatua kumi tu, kulikuwa na nyumba ya Godelieve. Kupitia tundu uliweza kuona sufuria zake.

"Nani alikutuma?" Stany akauliza.

Dodo alifuta jasho. Akasema wanaume wanne walikuwa wanangoja, njaa inawauma, na yeye aliona kiti hakina mtu. "Tena hata angekuwa pale, mi sijaoa. Sina bibi, sina buko. Nilichimba tu."

Pembeni yake kulikuwa na lundo kubwa alilolitoa. Lilikuwa jeusi, zito, lenye matundu madogo kama mkate, na ndani yake vipande vya mirija ya udongo iliyoungua. Dodo alilitazama kama mtu aliyezaa mapacha. Stany akachukua kipande, akakipima mkononi, akakivunja kwa nyundo. Ndani kilimeremeta kama chupa, na mstari mwembamba wa kijani.

Akakaa chini.

"Hii ni mavi ya shaba," akasema. "Bakubwa balishayeyusha shaba yao, balikula, balituachia mavi."

Ua halikudanganya, msomaji. Lilifuata makombo. Watu wa zamani walikuwa na tanuru zao hapo karibu, na taka ya tanuru ndiyo waliyojengea ukuta. Ua lilinusa shaba iliyobaki kwenye taka, likaota. Mwamba wa shaba haukuwepo. Haujawahi kuwepo.

Stany alikaa hapo na kile kipande, na hasira ikampanda polepole kutoka miguuni. Siku tatu. Unga wa watu. Mbuzi. Akauliza kwa sauti, bila kumtaja mtu, kwa nini katika kijiji kizima hakuna aliyejua, au hakuna aliyetaka kumwambia.

"Mi nilimuambia," sauti ikatoka juu.

Mama Domitille alikuwa amefika, kiti kwapani. Alikuwa anaongea na mwavuli. "Nilimuambia siku ya kwanza. Nilituma mutu."

Na macho yote yakamgeukia Godelieve.

Hapo ndipo Godelieve aliacha maharagwe. Aliniambia alivyoziona sufuria zake zikimtazama kupitia tundu. Kwa sababu maneno aliyopewa siku ile ya kwanza, yote, yalikuwa haya:

"Umuambie ule mupumbavu, hii Mugongo ni ya mavi. Tata yangu alichimba hapa choo, alikuta mavi ya shaba mpaka chini, akarudisha. Bamama ba zamani balibeba na bitunga, balijenga nayo ukuta, sababu iko nzito, mvua haiwezi kuibeba. Maua inakula mavi. Na ye anachimba mavi. Umuambie vile."

Sasa Godelieve ni mtu aliyelelewa. Mdomo wa katikati ya buko hauko kama mdomo wa sokoni. Neno chafu likitoka upande mmoja, yeye ndiye anayepaswa kuliosha kabla halijafika upande wa pili. Alijiuliza, nitabebaje mavi kutoka kinywani mwa mama buko mpaka sikioni mwa mkwe wake? Na mupumbavu? Akatoa mupumbavu. Akatoa mavi ya kwanza, akatoa mavi ya pili, akatoa choo cha marehemu baba yake Domitille. Kilichobaki ni bakubwa ba zamani.

"Nilisafisha, yaya," aliniambia, ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu. "Nilisafisha mpaka hakukubaki kitu."

Mama Domitille alimtazama muda mrefu. Halafu akatazama mlimani. Saa sita ilikuwa imepita, na nyuma ya mlima wingu lilikuwa limeshaanza kukaa, rangi ya sufuria ya zamani.

Akaweka kiti kwenye ukingo wa tundu, akakaa. Akamwita Godelieve karibu, lakini akasema kwa sauti ambayo hata mbuzi aliisikia.

"Mbuzi arudie kwake. Haya yangu haitoke na nyama. Umuambie afunge hii tundu mbele ya mvua. Akifunga, atoe shati ku uso, aniangalie, anisalimie, tumemaliza. Na leo, Godelieve, peleka neno vile nilisema."

Godelieve akapeleka. Stany akasimama, akatafuta watu wake kwa macho. Wanne walikuwa wameshachukua njia ya Mashamba. Walisema walikuja kuchimba, hawakuja kujenga. Alibaki Dodo, na Dodo alikuwa anajaza gunia.

Alilijaza kwa yale yale mavi ya shaba, akalifunga nyuma ya velo, baiskeli ya Stany. Alisema amechimba tangu asubuhi na hawezi kurudi mikono mitupu. Kule depo ya Kolwezi, wanakonunua madini, kuna ile mashine ndogo, unaielekeza kwenye jiwe inakuambia ndani kuna nini. Mashine iseme.

Stany alimwambia watamcheka. Dodo alisema amezoea. Akapanda velo, akaenda.

Hapo Stany akapata wazo, na hakumwambia mtu, isipokuwa baadaye kidogo Godelieve. Mashine haijui tanuru wala bamama wa zamani. Inasoma shaba tu. Na kama depo inaweza kununua mavi, basi Mugongo mzima, kutoka mashariki mpaka magharibi, ni mali. Watakuja na malori. Dereva wa lori hana buko Kansenga.

Lakini wingu lilikuwa linashuka. Akashika koleo.

Kazi hiyo kijiji kilitazama kutoka barazani. Hakuna aliyesaidia; kila mtu alikuwa na sababu yake, na sababu yenye nguvu zaidi ilikuwa kwamba tundu halielekei nyumbani kwake. Aliyeshuka ni Godelieve, na kikapu, kwa kuwa nyumba ilikuwa yake na mdomo pia. Akawa anabeba udongo kwa mikono na maneno kwa kinywa.

Mama Domitille aliongoza kutoka juu. Mavi mazito chini. Halafu udongo wa kichuguu, uliolowekwa. Halafu nyasi za kulaza. Halafu kukanyaga. Halafu tena mavi.

"Anasema unakanyaga sawa mutu anaogopa kuamusha mutoto," Godelieve akapeleka.

"Umuambie nimesikia."

"Anasema kuku yake akifukia yai anafukia muzuri kukupita."

"Umuambie nimesikia."

"Anasema..." Godelieve akashusha kikapu. "Anasema kama ile nyumba ulimujengea mutoto wake uliikanyaga vile, heri Abigaëlle arudie alale kwake."

Stany aliinama, mgongo umeelekea juu, shati usoni. Godelieve akaona mgongo unatikisika. Alidhani analia. Akasogea. Alikuwa anacheka, chini chini, kama mtu aliyekatazwa kucheka kanisani. Akasema sasa anaelewa Abigaëlle amejifunza wapi.

Mvua ya kwanza iliwakuta wakiweka safu ya mwisho. Matone makubwa, ya kuhesabika, halafu yasiyohesabika. Stany akakanyaga, akakanyaga, akateleza, akakanyaga kwa magoti. Mlimani walisikia maji yakianza kusema.

Yalikuja ya rangi ya chai, na majani, na ndoo ya mtu. Yakaingia muferejini, yakapanda, yakafika pale palipokuwa tundu. Yakapima. Godelieve alisimama mlangoni kwake na kikapu kichwani, na alikuwa ameshaweka godoro juu ya meza. Maji yakalamba udongo mpya, yakachukua kidogo cha juu, kipande cha ukubwa wa bukari ya mtu mmoja. Kipande cha pili hakikutoka. Yakageuka. Yakazunguka Mugongo kama yalivyozunguka tangu zamani, yakaenda zake kinamasini.

Mvua ile haikudumu. Saa kumi jua lilikuwa limerudi na kila kitu kinatoa mvuke.

Stany akapanda kutoka muferejini. Alikuwa udongo mtupu kuanzia nywele. Akasimama chini ya kiti, hatua tatu, akashika shati kwa mikono miwili. Miaka tisa. Akalitoa shati usoni, akainua kichwa.

"Jambo, mama."

Mama Domitille hakujibu. Mwavuli ulikuwa umeegemea bega, kichwa kimeegemea mwavuli, kinywa wazi kidogo. Ndala moja ya bluu ilikuwa imeanguka chini. Siku tatu na usiku wake alikuwa kwenye kiti kile, na maji yalipogeuka, na yeye usingizi ukamgeuza.

Stany alimtazama Godelieve. Godelieve akatikisa kichwa: hajasikia, haihesabiki. Akauliza kwa ishara kama amwamshe. Godelieve akamuuliza kwa ishara kama ana wazimu. Unamwamsha buko kabla hujamsalimia?

Basi mtu huyo, baada ya yote, akaokota ndala, akaiweka polepole juu ya Mugongo karibu na mguu, halafu akalirudisha shati usoni. Akateremka mpaka kwa mbuzi, ambaye hakuna aliyemrudisha. Akakaa amegeuza mgongo, angoje mama aamke. Aligundua hapo kwamba alikuwa hajamwona vizuri hata sasa, jua lilikuwa machoni. Alisema hivyo kwa mbuzi. Muda si muda kichwa chake kilianguka juu ya ubavu wa mnyama, shati bado usoni.

Godelieve akarudisha godoro kitandani. Alikuwa barazani kwake anakamua nguo aliposikia velo.

Ni Dodo. Amelowa mpaka mifupa, anaisukuma akitembea. Gunia lilikuwa begani, limekunjwa. Tupu.

Godelieve alimkimbilia na swali. Walicheka wakalimwaga barabarani, au walinunua? Mashine ilisema nini?

"Yaya, nimechoka," Dodo akasema. "Nitakuambia nikiamka."

Akatandika gunia tupu pale pale barazani, akalala juu yake kama mtu aliyeangushwa. Kabla Godelieve hajarudia swali, alikuwa ameanza kukoroma.

Godelieve akaenda kwenye velo. Nyuma, pale gunia lilipokuwa limefungwa mchana, kulikuwa na kitu kirefu kimefungwa kwa kamba ya mpira. Akainua plastiki. Sururu mbili mpya, bado zina karatasi ya duka kwenye mpini.

Alisimama na plastiki mkononi. Gunia tupu, sururu mpya: depo imenunua mavi. Juu ya Mugongo mmoja amelala. Kwa mbuzi mmoja amelala. Barazani mmoja amelala. Yeye, ambaye siku tatu alibeba maneno ya kila mtu, sasa alikuwa na neno zito kuliko yote, na hakuwa na sikio la kulitia. Akafikiria amwamshe nani kwanza, na atalisafisha vipi.

Akazificha sururu chini ya kitanda chake. Akakaa juu ya kitanda hicho, macho mlangoni, amuwahi yeyote atakayeamka. Udongo wa Mugongo ulikuwa bado kwenye kucha zake. Akasema atafumba macho kidogo tu, mpaka jua lishuke kwenye sufuria. Jua halikuwa limefika kwenye sufuria alipolala.